Bili ya mama Kerala: siku 21, laki moja na ushei

Tangu nirudi na mama kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, kila simu inayoingia kutoka Unguja inaishia pale pale: "Mwanangu, ile tiba ya Wahindi ya kusafisha mwili ni shilingi ngapi?" Nikitaja jumla tu naona kama nimemdanganya aliyeuliza. Kwa hiyo naandika hapa, nikipata wa kuuliza nimpe asome.

Mimi naishi Muscat mwaka wa tisa sasa. Kazini nimezungukwa na Wamalayali, watu wa Kerala, na ndio walionishauri nimpeleke mama, ambaye magoti yake yamelika kiasi cha kusali juu ya kiti. Kutoka hapa hadi Kochi, mji wa huko Kerala, ni saa tatu na kitu kwa ndege. Tulikwenda Julai 2024, wakati wa masika yao, mwezi wanaouita Karkidakam. Wenyeji wenyewe huupenda mwezi huo kwa tiba hii: hewa ina unyevu, joto limepungua, na mashamba hayana kazi nyingi.

Bei ya kwanza niliyotumiwa ilitoka kituo kimoja cha ufukweni: rupia 9,000 kwa siku, siku saba. Niliuliza ndani yake mna nini. Kukandwa kila asubuhi, kumwagiwa mafuta kwenye paji la uso, yoga, chakula. Walikwisha niambia nilipe nusu kabla daktari hajauliza hata kama mama ana presha. Na tangazo lao limeandikwa panchakarma, jina la ile tiba ya kusafisha mwili, kwa herufi kubwa.

Panchakarma maana yake ni matendo matano: kutapishwa, kuharishwa, dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa, dawa ya puani, na kutolewa damu. Kukandwa na kutolewa jasho ni maandalizi tu, ya kulainisha mwili kabla ya tendo lenyewe. Katika zile siku saba za ufukweni halikuwamo hata tendo moja. Sisemi kukandwa ni kubaya, kunaburudisha sana, lakini mtu asilipie kukandwa kwa jina la tiba nyingine.

Tukaishia hospitali ya kawaida ya ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, wilaya ya Thrissur, ambako wagonjwa wengi ni wenyeji. Daktari, mwanamke aliyesomea fani hii miaka mitano na nusu chuoni kama madaktari wa huko wote, alimpima mama presha na sukari, akaangalia picha za magoti, akazisoma dawa zake moja moja. Kisha akasema: "Amma", yaani mama, "hatatapishwa, umri na presha haviruhusu. Na dawa yake ya presha asiiache hata siku moja." Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Neno "sumu", ile wanayodai hutolewa mwilini, hakulitaja, wala hakuahidi kwamba magoti yatarudi kuwa mapya.

Sasa pesa. Chumba cha watu wawili rupia 1,500 kwa siku, chakula chetu sote wawili 600. Tiba zilihesabiwa moja moja, jumla 36,600. Dawa za kunywa pale pale 9,400, na za kuondoka nazo 11,000. Ukijumlisha siku 21 unapata rupia 101,100. Laki moja na ushei, na wao pia husema laki kama sisi. Kwa riyal ya siku zile ilikuwa kama 460, bila tiketi wala viza.

Kinachokula pesa nilikielewa siku ya kwanza ya pizhichil, tiba ya kumiminiwa mafuta ya moto moto mwilini. Mama amelazwa juu ya meza ndefu ya mbao yenye kingo kama mtumbwi, dada wawili wamesimama huku na huku, kila mmoja na kitambaa. Wanakichovya kwenye mafuta ya ufuta yenye dawa, wanayakamua yatiririke mwilini huku mkono mwingine unapapasa. Mafuta yanashuka kwenye kidimbwi cha meza, yanatekwa, yanapashwa moto, yanarudi. Ni lita kadhaa za mafuta na mikono minne kwa saa nzima. Hawakuongea sana. Mama alifumba macho akasema, "Hawa wana mikono ya bibi yako." Pizhichil moja ilikuwa 2,200, na sikuiona ghali tena. Muulizeni daktari mafuta hayo ni ya mgonjwa peke yake au la, na yanabadilishwa baada ya siku ngapi. Sisi tulionyeshwa chungu chenye jina la mama.

Na kuna kichupa cha ksheerabala, mafuta ya dawa. Vitu vyenyewe vitatu tu: mzizi wa mmea wanaouita bala, maziwa, na mafuta ya ufuta. Ila kile cha "101" hupikwa na kurudiwa mara mia moja na moja, ndiyo maana kinauzwa kidogo kidogo na kutumiwa kwa matone. Hizo dawa nunueni pale hospitali kwa risiti, msiagize mitandaoni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takriban moja katika tano ilikutwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki.

Lipo deni jingine ambalo hakuna karatasi ya bei inayolionyesha. Wamalayali huliita nallirikka: ukitibiwa siku 21, unapumzika siku 21. Hakuna safari, jua, usingizi wa mchana wala chakula kizito. Unaanza na kanji, uji mwepesi wa mchele, kisha unapanda taratibu. Mimi likizo yangu ya mwaka ni siku 30. Hospitali ilichukua 21, nikabakiwa na tisa. Ilibidi mdogo wangu aje kutoka Unguja kumtazama mama nikiwa kazini, na tiketi yake peke yake ilikaribia theluthi ya bili.

Mama sasa anapanda ngazi za nyumbani kwangu akishika ukuta kwa mkono mmoja badala ya miwili. Picha za magoti ni zile zile. Kusali bado anasali kwenye kiti, ila jana alfajiri nilimkuta amekitoa uani mwenyewe, anakifuta vumbi.