Ninavyoimaliza Orodha Yangu ya Filamu Tukiwa Sebuleni Tabata

Kila baada ya miaka 10, tangu 1952, jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound huwauliza wahakiki wa filamu ipi ni bora kuliko zote. Mara ya kwanza ilishinda filamu ya Kiitaliano, Ladri di biciclette, ya baba aliyeibiwa baiskeli. Kuanzia 1962 hadi 2002 kiti kikakaliwa na Citizen Kane. Mwaka 2012 ikashika Vertigo, na 2022 ikapanda Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, habari ya mama mmoja wa Brussels anayemenya viazi na kutandika vitanda kwa zaidi ya saa tatu. Nilipoisoma historia hiyo nilifarijika. Ikiwa mabingwa wenyewe wanageuka hivyo, mimi wa Tabata nani wa kunizuia kutunga ya kwangu?

Nikatunga. Filamu 50, kwenye daftari la kaunta. Nyingine niliwaibia wahakiki hao, nyingine za Afrika Magharibi ambazo nilikuwa nazisikia tu zikisifiwa, za Kihindi nikamwachia baba mdogo azitaje, na za kwetu nikazitengea kurasa za mwisho. Sharti nililojiwekea: sinunui kifaa chochote kipya. Runinga ni ile ile ya sebuleni, na kama kuna ya kutoka kwenda kuangalia, iwe humu humu Dar.

Kazi ya kwanza ni kuzipata. Duka la muvi la mtaani kwetu lina kijana na kompyuta yake; unampa flashi, anakujazia. Tamthilia za Kikorea na za Kituruki anazo mpaka za wiki hii, za mapigano zilizotafsiriwa ndiyo usiseme. Nilipomwulizia filamu ya mwaka 1948, nyeusi na nyeupe, aliniangalia akauliza, "Bro, hiyo ni ya mtihani?" Kumbe hizi za zamani zina njia zake. Zile za kimya za miaka ya 1920, ambazo hakimiliki yake imeshakwisha, zipo bure YouTube. Za Kiafrika nyingine zimefanyiwa ukarabati na taasisi ya Martin Scorsese, mwongozaji wa filamu wa Marekani, kwa hiyo leo unaiona Touki Bouki ya mwaka 1973 rangi zikiwa safi kabisa. Na mjini kuna vituo vya utamaduni vinavyoonyesha filamu: Alliance Française, Goethe-Institut na Nafasi Art Space kule Mikocheni. Ukifuatilia ratiba zao, siku nyingine unaingia bure na kiti kizuri unapata.

Kwa za kupakua nilitegemea bando la usiku, simu nikaiacha dirishani alfajiri ikute kazi imeisha. Mambo mawili nayasema kwa faida ya mwenye runinga kama yetu. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili linalozidi GB 4. Filamu ndefu yenye picha nzuri itakukatalia hata kama flashi ni tupu, mpaka uifomati upya kwa mfumo mwingine ambao runinga yako inausoma. La pili, faili la maandishi ya tafsiri lipe jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, na uliweke kwenye folda moja nayo. Hapo runinga italisoma yenyewe.

Lakini kikwazo chenyewe kilikuwa rimoti. Kuanzia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, rimoti ni ya mama, na baada ya habari kuna tamthilia, na baada ya tamthilia watu wanalala. Kuangalia peke yangu usiku wa manane nilikuwa najua mwisho wake: nasinzia, kesho dukani nauza nikipiga miayo. Nikaomba Jumapili kuanzia saa tisa alasiri. Baba mdogo, ambaye Jumapili huja kwetu kutoka Magomeni, ndiye aliyenitetea. "Shemeji, mpe. Jumapili ni siku ya sinema tangu enzi." Akaanza kuhesabu: Empire, Avalon, Odeon, na Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani siku hizi. Mama akasema sawa, ila zisiwe za watu kuongea tu.

Kwa hiyo nilianza na zisizoongea. The General ya Buster Keaton, mwaka 1926: dereva wa treni anaibiwa kichwa chake cha treni, naye anakifukuza. Watoto wa dada hawakuhitaji tafsiri. Kuna mahali Keaton, baada ya kukataliwa na mchumba, anakaa juu ya chuma kinachounganisha magurudumu; treni inaondoka taratibu, chuma kinampandisha na kumshusha, mwenyewe hana habari. Walinitaka nirudie pale mpaka mama akaja kutoka jikoni kuona kinachochekwa. Alibaki. Daraja lilipoungua na treni kutumbukia mtoni niliwaambia ile ni treni ya kweli, iliangushwa kweli huko Oregon. Mama akauliza nani aliyelipa.

Baada ya hapo zikaja zenye maneno, na maneno yenyewe ni Kifaransa, Kijapani, Kiitaliano, na tafsiri ya chini ni Kiingereza kinachopita mbio. Mama hasomi Kiingereza, watoto hawawahi. Hapo nikawa Lufufu. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, wanamjua: marehemu aliyekuwa akiingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za watu, akaongeza na ya kwake, na mtu akatoka kibandani akiwa ameelewa kila kitu, hata kisichokuwepo. Mimi sina kipaji kile. Nilichofanya ni kuiangalia filamu kwanza peke yangu, mapemamapema kabla ya dukani, nusu leo nusu kesho, nikiandika dakika ambazo maneno ndiyo yanayobeba kisa. Jumapili natafsiri hizo tu. Kwingine nanyamaza, nyuso zinajieleza.

La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, ilikuwa rahisi kwa njia hiyo, kwanza ni ya saa moja tu. Sembène mwenyewe alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kusomea filamu akiwa na umri wa karibu miaka 40, maana aliona watu wake wengi hawasomi Kifaransa anachoandikia. Kisa ni cha Diouana, binti wa Dakar anayechukuliwa na mabosi wake Wafaransa hadi Antibes. Anajua anakwenda kulea watoto. Anafika, watoto hawapo. Kuna kufagia, kupika na mlango uliofungwa.

Siku hiyo alikuwepo na dada wa kazi wa nyumba ya jirani, amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Ilipofika barua kutoka kwa mama yake Diouana, na bosi mwanamume akaisoma, kisha akachukua kalamu aanze kujibu kwa niaba ya binti bila kumuuliza anataka kusema nini, mama aliguna. Sikutafsiri. Yule dada akauliza polepole, "Si arudi kwao tu?" Mama akamjibu bila kugeuka, "Kwa nauli ya nani?" Mwishoni bosi anapeleka sanduku na mshahara wa Diouana kwa mama yake Dakar, na mama yule anakataa kuzipokea zile fedha. Halafu mtoto anavaa kinyago na kumfuata mzungu yule njia nzima hadi kwenye gari. Watoto wetu waliogopa kinyago. Mama alibaki kwenye fedha. Aliporudi jikoni bado alikuwa anabishana na baba mdogo kama angezipokea au asingezipokea, na mpaka leo hawajaafikiana.

Ile ya baiskeli nilimwalika kijana anayeegesha bodaboda kona yetu, na sikukosea mtu. Antonio amepata kazi ya kubandika matangazo, sharti awe na baiskeli, na baiskeli iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani, anaenda kuyaweka rehani ili waikomboe. Kamera inapanda kumfuata mtumishi wa rehani anayekwea rafu na lile furushi, na ndipo unaona rafu zimejaa mashuka ya watu mpaka juu darini. Kijana wa bodaboda alisema tu, "Aisee." Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi anabandika, baiskeli inaondoka. Kijana alisimama. Yeye pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, hivyo hakuhitaji kuelezwa chochote. Wanapokwenda sokoni kuitafuta kipande kipande, kengele huku, fremu kule, ndiye aliyekuwa anatueleza sisi. Mwisho, Antonio naye anajaribu kuiba baiskeli, anakamatwa na umati mbele ya mwanawe, na mwenye mali anamsamehe kwa kumwonea huruma mtoto. "Huku angechomwa," alisema kijana, akachukua helmeti yake.

Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, ina dakika 207. Niliiweka sikukuu, maana filamu yenyewe ina mapumziko katikati, na sisi mapumziko tuliyafanya ya kula. Wanakijiji wanaoporwa kila mavuno wanakwenda kutafuta askari wa kuwalinda, na mzee wao anawashauri watafute wenye njaa, kwa kuwa malipo yao ni wali. Wanawapikia walinzi wali, wenyewe wanakula mtama. Baba mdogo, aliyefanya kazi Shinyanga miaka ya 1980, akasema hiyo ni habari ya sungusungu. Kisha akajisahihisha: "Ila sisi hatukuajiri mtu. Tulishika pinde wenyewe." Tulisimamisha filamu kwa muda mrefu, akatusimulia ng'ombe walivyokuwa wakirudishwa, filimbi zinapigwa kijiji hadi kijiji. Kwa maoni yangu simulizi ile ilistahili nafasi kwenye orodha.

Kwenye za Kihindi nilivuliwa ukalimani. Mother India ya mwaka 1957 baba mdogo anaijua yote. Kihindi hajui, nyimbo anaimba, na kila tukio analitangaza kabla halijafika. Watoto walikasirika. Mama aliomba irudiwe Jumapili iliyofuata, baba mdogo asiwepo.

Si kila filamu ilipelekwa sebuleni. Jeanne Dielman niliiangalia peke yangu, nikichambua mchele wa wiki, na naipendekeza iangaliwe hivyo hivyo, mikono ikiwa na kazi. Siku ya kwanza mama yule anafanya kila kitu kwa mpangilio. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Anatembea na sufuria nyumba nzima hajui aiweke wapi, na mimi nikagundua sinia la mchele mkononi limesimama, mawe na chuya vimeniangalia tu. Sufuria tu hiyo. Sijaona filamu ya bunduki iliyonikaza namna ile.

Citizen Kane nayo niliipeleka kwa wote, wakalala mmoja baada ya mwingine kuanzia watoto. Picha zake ni za fundi, sikatai, lakini tajiri mpweke katika jumba kubwa hakutugusa. Vertigo niliimaliza kwa heshima ya mwongozaji wake, Hitchcock. Nyingine chache nilizifuta baada ya nusu saa na nafasi zake nikampa mama, naye akazijaza filamu za mwigizaji wetu Kanumba, ambaye tangu afariki Aprili 2012 hajapata wa kumrithi, kwa kauli yake.

Kurasa za mwisho zilikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, ambayo ndiyo ya kwanza Tanzania kuiwasilisha kwenye Oscar, iliwanyamazisha wote, na safari hii bila mimi kufungua mdomo kwa sehemu za Kiswahili. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2021, niliifuata ukumbini na dada yangu, ambaye riwaya ya Adam Shafi aliisoma shuleni. Njia nzima ya kurudi, ndani ya mwendokasi, alikuwa anahesabu vilivyoachwa. Mimi nilikuwa bado kwenye zile rangi za Zanzibar ya usiku.

Imebaki moja, nayo ni Muhogo Mchungu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambayo mwigizaji wake ni Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu. Nilipomsomea mama mstari huo hakuamini. Simba wa Vita, aigize? Baba mdogo akaapa kuwa ni kweli na kwamba kuna mzee Magomeni aliyeiona kwa macho yake. Nakala sijaipata, si kwa kijana wa flashi wala mtandaoni. Jumapili hii hakuna filamu. Tunakwenda Magomeni kwa huyo mzee, na baba mdogo ameshatuagiza tubebe sukari.