Bendera zilivyonisaidia kufundisha "on" na "above"

Kwa miaka nilifundisha vihusishi vya Kiingereza kwa kuviandika ubaoni na kuwakaririsha wanafunzi. Walikariri vizuri. Kesho yake "on" na "above" vimeshakuwa kitu kimoja, na siwezi kuwalaumu: kwa Kiswahili vyote viwili ni "juu ya".

Nilipojaribu bendera mara ya kwanza, niliboronga. Niligawa picha na penseli za rangi, nikawaambia wachore, kisha waandike sentensi chini yake. Darasa likatulia tuli kipindi kizima, rangi zikapakwa kwa ustadi wa ajabu, na Kiingereza pekee nilichosikia ni cha mtoto aliyekuja kuniambia, "Teacher, the red is finished."

Safari ya pili nikaficha picha. Wakakaa wawili wawili, wamepeana migongo: mmoja ana picha, mwenzake ana karatasi tupu. Mwenye picha anaeleza kwa Kiingereza, mwenzake anachora anachosikia, na kugeuka ni marufuku. Nilianza na Japani, duara jekundu kwenye uwanja mweupe, ili wote wapate kuchangamka. Ikafuata Bangladesh, nayo ina duara jekundu, ila uwanja wake ni wa kijani na duara limesogea kidogo upande wa mlingoti. Hapo "in the middle" ikawagomea. Wakaniomba neno, nikawapa "slightly to the left", na tangu siku hiyo sijalazimika kulirudia.

Ghana ndiyo iliyonipa nilichokuwa nakitafuta. Mistari mitatu ya mlalo, mwekundu, wa dhahabu na wa kijani, na nyota nyeusi katikati ya ule wa dhahabu. Binti mmoja akasema bila wasiwasi, "The star is above the yellow stripe." Mwenzake akatii, akaipandisha nyota hadi kwenye wekundu. Walipolinganisha karatasi, binti akawaka.

"Si nilikwambia juu ya mstari wa njano?"

"Na mimi si nimeiweka juu yake?"

Wakabaki kutazamana. Mimi kimya, ingawa ulimi uliniwasha. Baada ya kitambo binti akasema polepole, "On. On the yellow stripe."

Kisha wakabuni bendera zao. Niliweka masharti: rangi zisizidi tatu, alama iwe moja, na kila kitu kielezwe kwa "stands for". Kijana mmoja akayapuuza. Akachora nyota kumi na moja, simba mwenye manyoya shingoni, vitabu na mistari ya mshazari, lengo likiwa kumkomoa mwenzake. Aliyekomolewa ni yeye, maana hata neno la manyoya ya simba hakuwa nalo. Siku iliyofuata alikuja na uwanja wa bluu uliokatwa na mstari mmoja mweupe. "It stands for the road to school," akasema, akakaa.

Kuna kosa moja ambalo mchezo huu haulinasi kabisa. Mwanafunzi akisema "a star white" badala ya "a white star", mwenzake anachora nyota nyeupe safi, karatasi zinalingana, na wote wawili wanafurahi. Kwa hilo bado narudi ubaoni na chaki yangu.