Pini za Nini?

Swali liliandikwa kwa penseli pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo zilizolala: "Pini za nini?" Chini yake mtu mwingine, wa shule nyingine, alikuwa amejibu kwa kalamu ya bluu: "Za kubania bandeji. Mamangu ni nesi, wodi ya 7." Hiyo 7 yake alikuwa ameikata kwa kistari katikati.

Nakala hiyo ninayo hadi leo. Imemwagikiwa chai, waya wa plastiki unaoishikilia umekatika sehemu mbili, na kurasa zake zimejaa maandishi ya watoto waliokuwa hawajaonana hata siku moja.

Muhula wa kwanza wa 2024, walimu wanne kutoka shule nne za kutwa za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tulikubaliana wanafunzi wetu wa kidato cha tatu wasome kitabu kimoja. Tulikutana maktaba ya Kaloleni Jumamosi asubuhi, tukabishana karibu saa mbili ni kitabu gani. Tulitaka kitabu kitakachomwinua mtoto kwenye dawati aende akamfae mtu. Mimi nilishikilia Kumbukumbu ya Solferino, cha Henry Dunant, kilichotoka Geneva mwaka 1862. Mwenzangu mmoja alisema vita vya Wazungu vya zaidi ya miaka 160 iliyopita vitamgusaje mtoto wa Makongeni? Nikamwomba asome kurasa kumi tu kabla hajakikataa. Jumatatu usiku akanipigia simu. "Mwalimu," akasema, "nimekimaliza."

Pesa za kununua vitabu hatukuwa nazo. Tulichapisha nakala 12 kwenye saiba, zikawa zinazunguka, wiki mbili shule hii, wiki mbili ile, zikisafiri kwa matatu ndani ya mfuko wa mwalimu. Tuliwaruhusu wanafunzi kuandika pembeni, jambo ambalo kwa kawaida lingewatia matatani. Wakajuana kwa mwandiko.

Dunant hakuwa daktari wala askari. Alikuwa mfanyabiashara wa Uswisi mwenye umri wa miaka 31, aliyekuwa safarini kumtafuta Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, ili amweleze mambo ya biashara yake ya Algeria. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na ya Austria karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia, na kwa siku hiyo moja waliouawa na kujeruhiwa wakawa makumi ya maelfu. Dunant akajikuta katika mji mdogo wa Castiglione, majeruhi wamelazwa makanisani na barabarani. Biashara akaiweka kando. Akaingia kanisa kubwa la mji na kuanza kunywesha watu maji.

Kuna mahali anaeleza kwamba maji yalikuwapo na chakula kilikuwapo, na bado watu walikufa kwa kiu na njaa. Vitambaa vya kufungia vidonda vilikuwa tele. Mikono ya kuvifunga ndiyo iliyokosekana. Basi akawakusanya wavulana wadogo wa mji wakawa wanamchotea maji kwenye chemchemi. Niliposoma hapo kwa sauti, darasa langu lilinyamaza. Mtoto wa Eastlands ukimweleza habari za kubeba maji humwelezi jambo la mbali. Wengi wao walikuwa wamebeba mtungi asubuhi hiyo hiyo kabla ya kuja shule.

Halafu kuna ile orodha. Dunant alimtuma mwendesha gari lake la farasi hadi mji wa Brescia, na baada ya saa kadhaa gari likarudi na malimau, machungwa, sukari, mashati, sponji, bandeji, pini, sigara na tumbaku. Mimi naipenda orodha hiyo kuliko kurasa zote za majenerali na bendera. Mtu aliyeiandika alikuwa ameinama karibu na mgonjwa akaona kinachokosekana. Hapo ndipo msichana mmoja wa darasa langu alipoandika swali lake la pini.

Kilichowachoma wanafunzi zaidi ya yote ni maneno ya wanawake wa Castiglione, waliowahudumia majeruhi wa kila taifa, hata Waaustria waliokuwa maadui, wakisema "Tutti fratelli." Niliwaachia wayatafsiri wenyewe. Shule ya kwanza iliandika "Wote ni ndugu." Shule ya pili ikakata neno la kwanza, ikaandika "Sote." Shule ya tatu, kwa wino mwekundu: "Ukisema wote, wewe haumo." Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sijapata kuona kiambishi kimoja kikipiganiwa hivyo.

Kitabu hicho kiliuliza kwa nini watu wasijiandae wakati wa amani, wawepo wa kujitolea waliofunzwa tayari. Mwaka 1863 kikazaa kamati ya Geneva iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu, na mwaka uliofuata mkataba wa kwanza wa Geneva. Kwetu Kenya chama hicho kilisimamishwa kwa sheria ya Bunge Desemba 1965. Wanafunzi walikuwa wakiona nembo yake kwenye magari tangu utotoni bila kujua kwamba chanzo chake ni kumbukumbu ya mtu mmoja.

Mpango wetu ulikuwa shule zote nne zikutane mwanzoni mwa muhula wa pili. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 24, Mto Mathare ulifurika ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Nyumba za mabati zilizokuwa ukingoni zikaenda na maji, pamoja na magodoro, sufuria, vitabu vya watoto, na watu pia. Kufikia mwanzo wa Mei mvua ilikuwa imeua zaidi ya watu 200 kote nchini. Ufunguzi wa shule ukaahirishwa, kisha ukaahirishwa tena.

Siku moja jioni nikapata ujumbe wa simu kutoka kwa yule msichana wa pini: "Madam, kitabu tumesoma. Sasa?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda shule moja ya msingi iliyokuwa imepokea waliofurikiwa, nikamwuliza mama aliyekuwa akisimamia pale wanahitaji nini. Nilitarajia aseme unga au blanketi. Akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hajapumzika wiki nzima. "Mwalimu, unga unakuja. Nguo zinakuja. Sina watu wa kuandika." Kila familia ilikuwa imepoteza kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na kila mmoja alikuwa na jamaa wa kutafutwa. Hakukuwa na orodha kamili ya waliolala pale. Nilisimama katikati ya uwanja wenye matope nikahisi Dunant ananisomea ukurasa wake sikioni.

Tulienda Jumatano, tarehe 8 Mei, wanafunzi 19 kutoka shule zote nne, kila mmoja na ruhusa ya mzazi. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba ndiyo tarehe aliyozaliwa Dunant. Hatukuipanga.

Madarasa yalinuka moshi na nguo mbichi. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, magodoro yamesimamishwa yakauke, na jua lenyewe halikutoka. Tulichora safu kwenye madaftari: jina, umri, alikokuwa akiishi, kilichopotea, wa kupigiwa simu. Kabla ya kwenda niliwaambia wanafunzi jambo moja tu, wasipige picha ya mtu yeyote. Walitii wote.

Msichana wangu alikuwa amekuja na mfuko wa karatasi wenye pini za usalama, dazeni nne, alizozinunua Gikomba kwa pesa za nauli alizokuwa akiweka. Akina mama wenye watoto wachanga walizipokea kwa mikono miwili, wakabania napi na leso palepale. Dazeni ya mwisho akabaki nayo mfukoni, akaketi kuandika kando ya kijana wa shule nyingine. Walifanya kazi kama nusu saa bila kusemezana. Mara nikamwona ameacha kuandika. Anatazama daftari la mwenzake.

"Wewe ni wa wodi ya 7," akasema.

Kijana akaitazama 7 aliyotoka kuiandika, yenye kistari chake katikati. Akamtazama na yeye. "Na wewe ni wa pini."

Siku hiyo ikatangazwa kwamba shule zitafunguliwa Jumatatu, tarehe 13. Kwa wiki mbili wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza tutafungua lini. Habari ilipotufikia hakuna aliyeshangilia. Walitazama magodoro ukutani, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, na hawa wataenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Alasiri akafika mzee mmoja, koti kubwa la kijivu limemning'inia, si lake, ni la msaada. Simu yake ilichukuliwa na maji. Alikuwa na binti Webuye ambaye hakujua kama babaye yu hai. Namba ya binti alikuwa ameiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa nyumba yake. Mlango nao ulikwenda.

"Unaikumbuka, babu?" kijana akamwuliza.

Mzee alifumba macho akaitaja polepole, kama mtu anayepapasa gizani. Alikuwa nayo yote isipokuwa tarakimu moja, ya pili kutoka mwisho. "Hiyo imeniponyoka, mjukuu wangu. Ya mwisho ni saba. Saba naijua."

Kijana akaandika namba kumi mfululizo, kutoka sifuri hadi tisa katika nafasi ile, zote zikiishia na saba yake ya kistari. Nikampa simu yangu. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokewa na mwanamume aliyekata mara moja. Ya tatu akafoka mama mmoja kwamba amechoka na wakora wa simu. Kijana akaishusha simu, akafikiri kidogo. Tangu hapo akabadilisha maneno. Hakujieleza tena yeye ni nani wala anatoka shule gani, alianza na jina la mzee, kisha akasema, "Yuko hapa, yuko salama, anamtafuta binti yake." Wa nne na wa tano hawakuwa wao, lakini hawakukata. Wa tano alisema atamwombea.

Ya sita iliita muda mrefu. Kijana akasema maneno yake. Upande wa pili kukawa kimya, kisha sote tuliokaa karibu tukasikia mtu akilia kwa sauti. Akampa mzee simu kwa mikono miwili.

Mzee aliiweka sikioni, akangoja kilio kipungue. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Huko kwenu mvua imenyesha vipi?"

Walizungumza dakika nne. Aliporudisha simu alikuwa akitetemeka, akaomba namba ile aandikiwe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Kijana akaandika. Mzee akaishika, akaigeuza, akatafuta mfuko kwenye lile koti. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka, na wa pili pia.

Msichana wangu akainuka. "Babu, nisaidie koti," akasema. Akalifungua, akaiweka karatasi upande wa ndani, juu kidogo ya moyo, akatoa pini mbili akaibana, moja juu na moja chini. Kisha akaivuta kidogo kwa kidole kuona kama itashika.