Difu yenye kibao kizuri na meno mengine

Lori langu lina ekseli mbili za nyuma, zote zinavuta. Siku difu ya nyuma kabisa, yaani boksi la gia la katikati ya ekseli, ilipokatika meno, niliingia yadi ya vyuma chakavu nikiwa na karatasi moja mfukoni, namba nilizonakili kwenye kibao: RT-40-145, uwiano 4.11, yaani propela, shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi, huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Nilijiona mjanja. Nilijua kuwa RT ni ekseli mbili za nyuma zinazovuta, na 40 ni uwezo wa pauni 40,000 kwa zote mbili, yaani kama tani 18. Nikapata difu ya aina hiyohiyo, na kibao chake kinasoma 4.11.

"Bosi, hii haijawahi kufunguliwa," muuzaji akaniambia. Nikalipa, ikafungwa, gari likaondoka.

Wiki ya pili dereva akapiga simu. Loki ya katikati, ile inayofunga ekseli mbili zivute sawasawa, inagoma kutoka mpaka arudi nyuma kidogo. Halafu difu ya mbele, ya ekseli ya kwanza kati ya hizo mbili, inachemka, huwezi kuigusa. Mzee aliyenifundisha ufundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Kijana, meno uliyahesabu?"

Sikuyahesabu. Tulipofungua tukakuta kroni, gia kubwa, ina meno 39, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, 9. Gawanya: 4.33. Difu ya mbele ilikuwa 37 kwa 9, ambayo ndiyo 4.11. Kuna mtu alishabadilisha gia za ndani, kibao cha zamani akakiacha palepale. Mimi nikauziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye lebo.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma kwenye karatasi. Lakini tairi la lori huzunguka mara 300 hivi kwa kilomita moja. Kwa hiyo kila kilomita propela fupi inayokwenda ekseli ya nyuma ilitakiwa kuzunguka zaidi ya mara 60 kuliko ya mbele, na aliyekuwa akilipa deni hilo ni difu ndogo ya katikati, iliyomo ndani ya ile ya mbele na iliyotengenezwa kufanya kazi kidogo tu, kwenye kona na kwenye utelezi. Ukifunga loki, hakuna wa kulipa tena: shafti zinajipinda na tairi zinaburuzwa.

Siku hizi natembea na chaki. Difu ikiwa chini, bila shafti za pembeni, naweka alama moja kwenye kroni na nyingine kwenye kikombe cha pinioni, pale propela inapofungwa, juu kabisa. Nazungusha pinioni polepole mpaka kroni imalize mzunguko mmoja kamili. Mizunguko minne inapita, kisha naangalia alama ya pinioni imeishia wapi. Kama ni 4.11, imevuka kidogo tarakimu ya 1 ya uso wa saa. Kama ni 4.33, iko kwenye 4. Huhitaji hata kufungua kitu. Ekseli ikiwa nzima na matairi yake, kuna mtego: ukizungusha tairi moja huku la pili limeshikwa, utapata nusu ya uwiano, kwa hiyo zungusha mara mbili. Na zile ekseli zenye gia nyingine ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zidisha na uwiano wa habu, la sivyo umepata nusu ya hadithi.

Kingine nilichojifunza kwa gharama: difu ya mbele na ya nyuma hazibadilishani, hata kama uwiano ni mmoja. Ya mbele inapokea mzunguko juu na kuushusha kwa gia mbili, mwelekeo unageuka, kwa hiyo kroni imekaa upande wa pili.

Baada ya meno nakwenda kwenye oili. Naomba bolti ya chini ifunguliwe mbele yangu. Unga laini wa chuma kwenye sumaku haunitishi, lakini vipande vinavyokwaruza kidole vinanitisha. Oili ikiwa kama maziwa, maji yalishaingia, na beringi zina kutu hata kama meno yanang'aa. Meno yenye rangi ya buluu yaliungua kwa kukosa oili, hayo nayaacha hapohapo bila mjadala. Kisha natafuta namba zilizochorwa kwenye kroni na kwenye ncha ya pinioni. Gia hizi husagwa pamoja kiwandani, ni mke na mume, namba zisipolingana kelele haitakwisha. Nafasi ya mchezo kati ya meno naipima kwa saa ya kupimia: kwa kroni za chini ya inchi 17, milimita 0.20 hadi 0.46.

Shafti za pembeni: hesabu mifereji ya nchani, pima urefu, kisha ilaze usawa wa jicho. Mifereji iliyojikunja kama kamba imeshabeba kuliko uwezo wake. Krosi za propela, vile viungo vyake vinavyojikunja, nazo zinadanganya. Saizi 1710 na 1760 zina vikombe vya kipenyo kimoja, urefu tu ndio tofauti, na watu wengi hupima kikombe wakaondoka. Vumbi jekundu kwenye kingo za vikombe maana yake grisi iliisha zamani. Giaboksi sitaisema sana: fungua kifuniko cha pembeni, mulika tochi, ingiza gia zote kwa mkono.

Safari ya pili yadini nilionyeshwa ekseli nzima iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa. Rangi mpya nene kwenye kitu kikuukuu hunifanya nichutame. Nikaikwangua kwenye kikalio cha springi, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta yakakauka, nikasugua chaki nyeupe juu yake. Tulisubiri dakika chache. Ukatokea mstari mwembamba wa unyevu, mrefu kama kidole, ukikata kando ya welding. Muuzaji akasema ni mkwaruzo. Mkwaruzo hautoi mafuta.

Nikanunua ile aliyokuwa ameitupa pembeni, imejaa kutu nje na tope kavu. Ndani: 37 kwa 9, namba zinalingana, mchezo 0.30. Alinicheka wakati tunaipakia. Imefungwa, loki inaingia na kutoka bila kubembelezwa, na difu ya mbele, baada ya kubadilisha ile ndogo ya katikati, unaweza kuishika kwa mkono.

Ile ya 39 kwa 9 iko nyuma ya gereji. Kibao chake nimeking'oa. Anayetafuta 4.33 aje na chaki yake.