Amefika mstari wa tisa, simu ikaita

Leo nimerudi kutoka soko la Kibuye, Kisumu, roho ikiwa nzito. Nilienda kuona vile apu yetu ya kurekodi mauzo inatumika, si kwa simu mpya za ofisini, sokoni kabisa. Kuna mama anauza omena, anaandika gorogoro kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, kidole kina vumbi la samaki kwa hivyo anakipangusa kwa leso kabla ya kugusa skrini, amefika mstari wa tisa, simu ikaita. Mteja wake wa Ahero. Wakaongea, akaingia kuangalia kama pesa imefika, akapiga picha ya mzigo, akarudi kwa apu. Tupu! Ukurasa wa kwanza kama hajawahi kuandika chochote. "Kijana wangu, sasa nianze tena?" Akatoa daftari chini ya meza.

Na hakuwa ameifunga. Simu yake ina RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya 1GB, kamera ikitaka nafasi Android inaua apu zilizo nyuma bila kuuliza mtu, imeundwa hivyo. Kosa ni letu. Tulijaribu kulaza simu upande, maandishi yakabaki, tukasema iko sawa, kumbe ViewModel, sehemu ya apu inayoshika data ya ukurasa, inavumilia simu kugeuzwa tu, mfumo ukiua apu yenyewe inaenda nayo. Kinachorudi ni kile ulichoweka kwenye onSaveInstanceState, pale Android inakupa uhifadhi hali ya ukurasa kabla apu haijauawa, na hapo huweki mzigo, nafasi yake ni 1MB hivi na inagawanywa na shughuli zingine za apu, ukizidisha apu inaanguka. Kwa hivyo hapo ni vitu vidogo: yuko ukurasa gani, kisanduku gani, neno aliloacha nusu. Mauzo yenyewe yaandikwe kwa databesi ya simu, hifadhi inayobaki hata apu ikiuawa, kila mstari ukiisha, maana hata mtu akiiswaipu apu itoke kwa orodha, ile hali ndogo inatupwa lakini databesi inabaki.

Sasa ni saa nne usiku. Nimewasha ile swichi ya setingi za developa inayoua kila ukurasa ukiuacha tu, nikajaza mistari tisa, nikafungua kamera, nikarudi. Mara tatu inapotea. Ya nne imerudi palepale, mstari wa tisa, "gorogoro 2 na nu" ikiningoja nimalizie.

Jumamosi narudi kwake, tutaandika pamoja, daftari likiwa wazi kando.