Kumbukumbu ya mradi wangu: Datsun 240Z ya Tanga, pini zimetoka na gari imesimama

Salaam wadau wa magari ya zamani. Nimekaa kimya karibu miezi minne na sababu ni moja tu, pini. Pini mbili za chuma, kila moja imezidi kidogo shubiri, ndo zilizosimamisha kazi yote ya nyuma ya gari. Zote mbili zimetoka sasa, kwahiyo naandika.

Pini zenyewe ni zile zinazopita chini kabisa ya shoki za nyuma, zinafunga nyumba ya shoki na ule mkono wa chini. Aliyewahi kufungua 240Z anazijua. Zimepita kwenye tundu lililobana kabisa, katikati kuna kipini kidogo cha kuzizuia zisizunguke, na baada ya miaka 50 na chumvi ya bahari ya huku kwetu pini na nyumba yake vinakuwa chuma kimoja. Kile kipini kidogo kilitoka siku ya kwanza nikafurahi nikadhani nusu ya kazi imeisha, kumbe kazi hata haijaanza. Nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni siku 9 mfululizo. Nikafunga nati kichwani kulinda thredi nikapiga na nyundo ya kilo 2, haikusogea hata unywele, na nilipoona nati inaanza kutanuka nikaacha, maana ukishaponda kichwa cha pini ndo haitapita tena kwenye tundu.

Mjomba wangu alistaafu karakana ya reli, kazi za chuma kilichoganda amezifanya maisha yake yote. Alikuja jioni moja na kikoi chake, hakugusa nyundo, akachuchumaa akaishika ile pini kwa vidole viwili akaniuliza, "Mjomba, umeipasha moto mahali gani?" Nikamwambia sijapasha kabisa, naogopa bushi za mpira zitaungua. "Bushi utabadilisha au hubadilishi?" Nabadilisha mjomba. "Basi ziache ziungue."

Kesho yake tukakodi gesi. Akakata kipande cha bomba nene, akakivisha juu ya ncha ya pini kikaegemea nyumba ya shoki, juu akaweka washa mbili nene, halafu nati ndefu na boliti, ili ukikaza boliti pini ivutwe nje badala ya kusukumwa. Tukapasha nyumba tu, sio pini, mpaka rangi ya chuma ikaanza kubadilika, nikakaza. Robo mzunguko, subiri, robo mzunguko, subiri. Ikatoa mlio mmoja mkavu, ka, mpaka mbwa wa jirani akabweka, halafu ikaanza kuja taratibu. Ilipotoka yote nikaipangusa na kitambaa: kahawia kila mahali isipokuwa kipande cha katikati upana wa vidole viwili, pale bado inang'aa, na grisi ya kiwandani ipo imekuwa nzito kama gundi. Hiyo pini siitupi, ipo dirishani mwa chumba changu.

Ya kushoto haikukubali hata kwa moto. Ikabidi niikate na msumeno wa chuma kwenye bushi pande zote mbili, nimemaliza blade 4, nikabeba nyumba ya shoki mpaka kwenye gereji yenye presi, ndo ikatoka. Pini mpya niliagiza mapema pamoja na bushi, na safari hii nimepaka grisi ya kutosha kabla ya kurudisha ili atakayefungua baada yangu asipate tabu niliyopata.

Kwa aliyekuja leo: gari ni Datsun 240Z ya 1972, ilikuwa kwenye banda la zamani la katani upande wa Muheza, imelala tangu miaka ya 90 mwanzoni. Mwenyewe ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nilipokwenda kumsalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hakuuliza hata nina shilingi ngapi, alinipeleka bandani mwenyewe akafunua turubai. Mbele ndeeefu, mgongo umelala, vumbi la katani juu yake kama unga. Bei tulielewana haraka. Akasema ana sharti moja, "usije ukaichinja." Nikamwahidi, na kila ninapoona mtu ananiandikia kuuliza kama nauza rimu au kabureta jibu ni lile lile, hakuna kinachotoka kwenye hii gari.

Yule mzee ujanani alikuwa anapanda Usambara kutazama magari ya rali ya Safari yakipita wakati wa Pasaka, enzi ambazo rali ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima sio ya Kenya peke yake. Ndo alikoipendea Zedi, yaani hii 240Z. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye na 240Z. 1973 Mehta akachukua yeye pamoja na Lofty Drews, na mwaka ule alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800, wakatenganishwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Hebu fikiria, umbali wote ule wa vumbi na tope halafu mnalingana! Mehta alizaliwa Uganda na akaja kushinda Safari mara 5. Nayasema haya kwa sababu ndo yanayoamua kila kitu ninachofanya kwenye hii gari. Sijengi gari ya kuweka kwenye zulia. Najenga Zedi ya barabara ya vumbi, nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa kama ile ya 1971, na ile boneti nyeusi sio urembo, inazuia jua lisikupige machoni ukiwa unaendesha.

Sakafu nimemaliza. Hapa Nissan, watengenezaji wa Datsun, walinipa kazi, walibandika mazulia ya lami ndani ya sakafu kupunguza kelele, ukiyaangalia juu yako salama, ukiyabandua chini maji yamekaa miaka na bati limekuwa kama biskuti. Nilibandua kwa hita na kikwaruzio, wiki nzima. Upande wa dereva mguu ulikuwa unapita mpaka chini. Chanzo cha maji nilikipata chini ya kioo cha mbele, kwenye ule mfereji wa kuingizia hewa, majani makavu ya miaka yote yameziba tundu la kutolea maji, yakijaa yanamwagika ndani. Kwahiyo mwenye Zedi asianze na sakafu, aanze na yale majani. Kutu nyingine ilikuwa chini ya betri na nyuma ya milango karibu na matairi ya nyuma, kama kawaida ya hizi gari.

Nimetumia bati geji 18. Fundi wa mtaani alitaka anichomelee kwa stiki, zile fimbo za kuchomelea, nikakataa kwa heshima, bati jembamba hivi stiki inatoboa tu. Nikaazima mashine ya migi, ile inayochomelea kwa waya mwembamba. Siri ni kutokuwa na haraka, unaweka nukta moja hapa, unaruka unaweka nyingine mbali, unarudi, bati lisipate moto sehemu moja likajikunja. Juu nimepiga redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili, na chini kabisa lami ya kunyunyiza. Mazulia ya lami ndani sirudishi.

Sasa injini, na hapa ndo napenda zaidi. L24, silinda 6 mstari mmoja, sisi 2393, kabureta mbili za Hitachi. Nilipima kompresheni silinda 5 zikawa kati ya psi 150 na 160, silinda ya 4 ikatoa 90. Nikatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi nikapima tena, 90 ile ile, maana yake ringi hazina shida, ni valvu. Ikabidi hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ishuke.

Kwa anayetaka kushusha hedi ya L24 nisikilize vizuri. Ukitoa gia ya kamshafti bila kuzuia cheni, tenshona, ile inayokaza cheni, inaruka nje kule chini na hapo lazima ufungue kava yote ya mbele, kazi ya saa moja inakuwa ya wiki. Dawa yake ni kabari ya mbao. Nilichonga ya mninga, ndefu, nyembamba chini na pana juu, nikatoboa tundu juu nikafunga kamba ili isije ikadondokea ndani. Unaishusha katikati ya cheni mpaka ibane, unaalama cheni na gia kwa rangi, ndo unafungua. Kabari yangu ilikaa siku 11 wakati hedi iko kwa fundi, cheni haikusogea. Valvu ya egzosi ya silinda ya 4 ilikuwa imeliwa ukingoni kama kucha iliyong'atwa. Tumeweka mpya zote 6 za egzosi, hedi imepitishwa juu ya mashine kidogo sana kusawazisha, gasketi mpya. Valvu nimeseti injini ikiwa baridi, inteki milimita 0.20 na egzosi 0.25, halafu nikarudia tena nikiwa nimetulia.

Najua kuna watakaouliza kwanini sijaweka 1JZ, injini ya Toyota. Nimeulizwa na kila aliyepita getini, na wengine wananiambia kabisa nimechezea nafasi. Wakuu, 1JZ ni injini nzuri sana, nimeiendesha, lakini ukiweka pale lazima ukate sapoti za injini, ubadilishe gia boksi, propela shafti, waya zote, na uzito wa mbele unaongezeka kwenye gari ambayo raha yake yote ni wepesi. Mwisho una bodi ya Zedi na roho ya Toyota Chaser. L24 ndo ilitoka Nairobi ikarudi Nairobi na kushinda. Nikitaka nguvu zaidi kesho na keshokutwa kuna L28, ndugu yake wa damu, iliwekwa mpaka kwenye Nissan Patrol za miaka ya 80, inakaa pale pale bila kukata chochote. Kanuni yangu ni hii, nabadilisha kile tu ambacho mtu anaweza kukirudisha kwa spana. Grenda ni ya kutu peke yake.

Kwa kanuni hiyo nimeweka distributa ya elektroniki badala ya platini, na rilei za taa kwa sababu kwenye hizi gari umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani mpaka inayeyuka, yangu ilishaanza kuwa ya kahawia.

Jumamosi iliyopita nikawasha. Mzunguko wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, mafuta mapya kwenye chombo safi cha nje maana tanki bado linasafishwa. Ilikohoa mara mbili, ikashika. Moshi wa oili niliyomwaga kwenye silinda ukatoka kama dakika 5 halafu ukakata. Kulinganisha kabureta nilitumia kipande cha mpira, ncha moja sikioni ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza inavyovuta hewa, ya mbele ilikuwa shhhh kubwa ya nyuma ndogo, unageuza skrubu kidogo kidogo mpaka sauti zifanane. Zilipofanana injini nzima ikatulia, glasi ya maji nikaiweka juu ya valvu kava, maji yakawa yanatetemeka tu hayamwagiki. Mjomba akasimama pale na mikono nyuma hakusema neno muda mrefu.

Nikampigia mzee wa Muheza nikaiweka simu karibu na egzosi. Akasema, "Ongeza kidogo." Nikaongeza. "Eee. Ndo yenyewe."

Mwisho breki. Mbele nimefunga kalipa za Hilux 4x4 za zamani, zile zenye pistoni 4, zinaingia kwenye matundu yale yale ya boliti na diski inabaki ya Datsun, unatoa tu ile sahani ya vumbi na kutengeneza bomba fupi jipya la mafuta. Kwa nchi hii iliyojaa Hilux nadhani hakuna modifikesheni yenye akili kuliko hii, pedi unanunua popote. Nilizipata Ilala, nikabadilisha sili na pistoni mbili zilizokuwa na kutu, rimu za inchi 14 zinapita na kidole kinaingia katikati.

Tukatoa hewa mara ya kwanza, pedali laini. Mara ya pili, laini. Mara ya tatu chupa nzima ya mafuta ya breki imeisha, pedali bado inashuka kama inakanyaga godoro. Nikaanza kuilaumu masta silinda, nikawa nimeshashika spana niitoe. Mjomba akalala chini na tochi akasema, "Nipeli zimeangalia chini." Kalipa ya kulia niliifunga kushoto na ya kushoto kulia. Nipeli, kile kitundu cha kutolea hewa, ikiwa chini hewa inabaki juu milele, hata utoe mafuta ndoo nzima. Tukazibadilisha, saa moja na nusu, tukatoa hewa tena mara moja tu, pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Jioni ile niliitoa bandani kwa mguu wake mwenyewe mpaka chini ya mwembe, kama mita 40, gia ya kwanza tu, haina vioo, haina boneti, kiti ni kreti la soda. Nikafunga breki kwenye mchanga. Nikashuka kuangalia mistari ya matairi, yote minne imenyooka.