Swali la "umeridhika?" halimsaidii mwalimu: nilivyopima shahada ya teknolojia ya viwanda kwa maoni ya wahitimu

Fomu tuliyoirithi ilikuwa na swali moja kubwa: "Umeridhika kwa kiasi gani na mafunzo uliyopata chuoni?" Chini yake viduara 5, na karibu kila mhitimu alitia alama kwenye cha nne. Mpelekee mwalimu wa haidroliki au mkuu wa karakana hiyo nne yako. Hawezi kubadilisha hata karatasi moja ya maabara, kwa sababu hakuna alichoambiwa. Kwa shahada kama hii, ambayo kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi Tanzania, ni ngazi ya 8, mhitimu anatarajiwa asimame mbele ya mashine iliyokwama na kuifanya iende. Basi aulizwe kuhusu mashine.

Nilianza na orodha ya stadi. Sehemu ilitoka kwenye mtaala, lakini zilizokuwa na faida zaidi zilitoka kwa wasimamizi wa zamu viwandani, kwa swali moja tu: kijana mpya kutoka chuoni, wiki ya kwanza anashindwa nini? Orodha ilifika stadi 22. Zaidi ya hapo mtu anachoka na kuanza kujaza bila kusoma. Kila stadi iwe kazi moja inayoonekana kwa macho. "Kusoma michoro ya umeme na ya mitambo" ni stadi mbili. Anayeweza ya mitambo pekee hajui ajibu nini. "Matengenezo" haina maana yoyote. "Kufunga beringi kwenye shafti kwa kusukuma ringi ya ndani, si ya nje" ina maana, kwa sababu aliyewahi kupigia nyundo ringi ya nje anajua nguvu ile ilipitia kwenye golori, na beringi ikaanza kulia mapema.

Kila stadi ina majibu mawili, umuhimu kazini na maandalizi ya chuo, yote kwa alama 1 hadi 5. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Niliachana na "nakubali" na "sikubali", nikaipa kila alama maneno yake. Kwa maandalizi: 1, sikuwahi kuigusa chuoni kwa namna yoyote; 2, nilisoma nadharia tu; 3, niliona mwalimu akiifanya; 4, niliifanya mwenyewe nikisimamiwa; 5, siku ya kwanza kazini ningeifanya peke yangu. Kwa umuhimu: 1 ni sijawahi kuihitaji, 3 ni mara moja moja kwa mwezi, 5 ni karibu kila zamu. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba alama yenyewe inaanza kutaja sababu. Wastani wa 2 unasema somo lipo lakini mikono haikufika. Wastani wa 3 unasema kifaa kipo ila wanafunzi walikuwa wengi wakikizunguka.

Stadi za usalama zitenge. Kufunga swichi kuu kwa kufuli kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine huenda mtu akaihitaji mara chache, na kwa kipimo cha mara ngapi itaonekana ndogo. Kwa hizo sikutafuta wastani hata kidogo. Nilihesabu waliojibu chini ya 4 kwenye maandalizi, na hata akiwa mmoja, jina la somo liliingia kwenye taarifa.

Lugha nayo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, lakini kazi karakanani inafanyika kwa Kiswahili. Ukimletea fomu ya Kiingereza anakujibu kama yuko chumba cha mtihani. Niliandika Kiswahili na kuacha maneno ya ufundi yalivyo midomoni mwao: kontakta, mota, sensa.

Swali lililotuharibia hesabu kwa muda mrefu ni "Je, umeajiriwa?" Kwetu kuajiriwa maana yake ni barua, mkataba na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwenye karakana yake ya kuchomelea mageti na vijana wawili chini yake anajibu hapana. Anayeingia kiwandani kama deiwaka, analipwa jioni, mmoja atasema ndiyo na mwenzake hapana. Badala yake niliuliza kwa kigezo cha Shirika la Kazi Duniani: katika siku 7 zilizopita ulifanya kazi yoyote ya kipato, hata kwa saa 1? Ndipo yafuate maswali mafupi: unalipwa na nani, una mkataba, kazi hiyo inatumia ulichosomea? Kipato niliuliza kwa makundi ya kiasi, nikakiweka mwisho kabisa. Kikiwa mwanzoni, wengi huishia hapo.

Wa kuwatafuta ni waliomaliza mwaka 1 na miaka 3 iliyopita. Kabla ya mwaka bado wengi wanahangaika na barua za maombi. Baada ya miaka 5 anakueleza mtaala ambao huenda haupo tena. Kila jina liandikie alisoma toleo gani la mtaala, la sivyo utalaumu somo lililokwisha kufutwa.

Kuwapata ndiyo kazi. Namba zilizo kwenye faili za usajili nyingi zimekufa, hasa za waliojiunga kabla ya usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza 2019. Ukipiga kwa namba ngeni ukaanza kuuliza maswali, unachukuliwa kuwa tapeli, na ni haki yao, kwa jinsi watu walivyochoshwa na jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii". Kwa hiyo ujumbe wa kwanza nilimwomba CR, yaani mwakilishi wa darasa lao, autume kwenye kundi la WhatsApp, ukitaja siku ya kupigiwa na namba itakayopiga. Siku 3 baadaye kiungo cha fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu mtandaoni, wiki moja baadaye kumbusho, kisha simu kwa ambao hawajajibu. Saa 1 hadi saa 3 usiku na Jumapili jioni ndiyo saa nzuri. Mchana yuko kwenye kelele au simu imeachwa getini. Simu moja dakika 12 hadi 15. Namba na majina zikae kwenye faili moja, majibu kwenye faili nyingine, zikiunganishwa kwa msimbo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai mtu aelezwe taarifa zake zinakwenda wapi, na mhitimu anayejua hilo huongea kwa uhuru zaidi.

Mpiga simu asiwe aliyewafundisha. Mhitimu akishasema "Shikamoo mwalimu", adabu imekwisha kuchukua nafasi yake. Hatasema kwamba maabara ya nusu muhula haikufanyika. Nilitumia vijana wa kitengo cha ubora, umri unaokaribiana na wao, na kwa "mambo, kaka" au "habari za kazi, dada" tukapata yale ambayo ofisi haikuwahi kuyasikia.

Kuhusu idadi: ukiwa na wahitimu 200 na waliojibu 100, kanuni za takwimu zinakupa ukingo wa kosa wa kama pointi 7 za asilimia juu au chini, lakini hiyo ni kama hao 100 waliteuliwa kwa bahati nasibu. Hawakuteuliwa, walijitokeza wenyewe, na wasio na kazi huona aibu kujitokeza. Kwa hiyo linganisha waliojibu na rejesta nzima: GPA, jinsia, mchepuo wa umeme au mitambo. Ukiona wenye GPA ya chini wamekosekana, vocha iliyobaki yote iende kuwatafuta hao. Na darasa likiwa la watu 18, acha asilimia. Andika 11 kati ya 18.

Hesabu ya pengo, kati ya umuhimu na maandalizi, niliichukua kwa mtafiti wa elimu Borich, ya mwaka 1980. Kwa kila mtu, toa alama ya maandalizi kwenye alama ya umuhimu, zidisha kwa wastani wa umuhimu wa stadi hiyo, kisha tafuta wastani wa wote. Tuchukue mfano. Kutafuta hitilafu kwenye mfumo wa PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine: umuhimu 4.6, maandalizi 2.1, pengo 2.5, mara 4.6 ni 11.5. Uchoraji kwa kompyuta: umuhimu 3.0, maandalizi 2.0, pengo 1.0, mara 3.0 ni 3.0. Ukitazama maandalizi peke yake, uchoraji ndio ungeanza kulilia bajeti. Angalia na kosa hili: aliyejibu upande mmoja tu aondolewe kwenye stadi hiyo, na "haihusiki" iachwe seli tupu. Ukiandika 0, programu inaihesabu kama alama na wastani wote unashuka.

Bado namba haijui kwa nini. Stadi 3 za juu kabisa niliwapigia tena watu 5 au 6 kwa kila moja, nikiuliza tu: nielezee mara ya mwisho ulipokwama. Kwenye PLC kamati ilikuwa tayari kuagiza vifaa vipya. Simu zikasema kingine. Kiwandani hakuna aliyewaomba waandike programu mpya; walitakiwa wachomeke kompyuta, wasome mchoro wa ngazi, yaani programu ya PLC ilivyochorwa, na kujua ni ingizo gani, ishara kama ya sensa, halifiki. Mmoja alieleza sensa ya NPN (inayounganisha ingizo na hasi) iliyofungwa mahali pa PNP (inayounganisha na chanya): taa ya sensa inawaka kila chupa inapopita, lakini taa ya ingizo kwenye PLC haiwaki. Alibadilisha sensa mbili za aina ileile kabla hajaelewa. Chuoni alikuwa ameandika programu ya taa za barabarani, akapata alama nzuri.

Vifaa havikununuliwa. Karatasi za maabara ndizo zilizobadilika: mwalimu anaharibu kwa makusudi kabla darasa halijaingia, anachomoa waya wa sensa, anaweka fyuzi ya 24 V iliyoungua, anaweka hiyo NPN, na kila jozi inapewa dakika 20 na mita moja ya kupimia umeme. Matokeo yake hayapimiki mwaka huohuo. Aliyefanya maabara hiyo mwaka wa mwisho anafikiwa na fomu mwaka 1 baada ya kuhitimu, na mpaka hapo maneno ya stadi hiyo kwenye fomu hayaguswi hata nukta.

Fomu ya klirensi, anayojaza mhitimu akiaga chuo, sasa inachukua namba mbili, ya mhitimu na ya ndugu ambaye hahamihami. Na waliojibu walitumiwa ujumbe mfupi kupitia CR wao: mlisema hivi kuhusu PLC, maabara imebadilika hivi. Siku hiyohiyo baadhi ya walionyamaza mwanzoni waliomba watumiwe kiungo.